Barabara ya Mombo hadi Lushoto na Kiungo Kidogo cha Gurudumu

Leo tunakupeleka katika milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Tutapanda kutoka Mombo hadi Lushoto. Kisha tutashuka pamoja na mboga za wakulima. Katika safari hii tutajifunza juu ya chuma kimoja kidogo. Chuma hicho kinatosha katika kiganja cha mkono. Lakini kikichakaa, kinaweza kuangusha gari zima, pamoja na mzigo na watu.

Hata kama hukai Usambara, soma. Pikapu zipo kila mahali, na milima ipo mingi. Anayepeleka mazao sokoni kwa gari, au anayepanda gari kwenda hospitali, habari hii inamhusu.

NJIA YA KUPANDA

Mombo ni mji mdogo uliopo chini ya milima, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Hapo kuna joto. Mashamba ya mkonge yapo tambarare. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Wakati huo Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Watu na mizigo walishuka kwenye treni hapo Mombo, kisha walianza kupanda mlima.

Hata leo njia ya kupanda inaanza hapo hapo Mombo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33. Safari si ndefu, lakini mlima ni mkali. Mombo ipo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Lushoto ipo juu ya mita 1,300. Kwa hiyo gari hupanda zaidi ya mita 800.

Barabara haiendi moja kwa moja. Inajipinda kama nyoka. Upande mmoja kuna ukuta wa mwamba. Upande wa pili kuna bonde. Ukitazama chini, unaona maji yanapita kati ya mawe. Kabla ya kufika Soni unaona maporomoko ya maji. Soni kuna soko, na hapo barabara inagawanyika. Njia moja inakwenda Bumbuli. Nyingine inaendelea hadi Lushoto.

Ukifika Lushoto unahisi baridi. Ukienda Irente, kwenye ukingo wa mlima, unaona Mazinde chini kabisa. Nyumba zinaonekana kama punje za mahindi zilizomwagwa chini. Hapo ndipo unaelewa gari limepanda kiasi gani. Na gari lililopanda kiasi hicho, lazima lishuke kiasi hicho hicho.

Ukipita Lushoto na Magamba, ukaenda upande wa Lukozi, Mlalo na Mtae, unakuta vijiji vingi vya wakulima. Njia nyingi za kuingia vijijini huko ni za udongo. Wakati wa mvua zinateleza. Wakati wa kiangazi zina mashimo, mawe na rasta, yaani vituta vidogo vinavyofuatana kama mawimbi.

MBOGA ZINASHUKA

Usambara ni nchi ya mboga na matunda. Wakulima hulima kabichi, karoti, viazi, nyanya na pilipili hoho. Hulima pia plamu na mapeasi. Mazao hayo huliwa Tanga, Dar es Salaam na miji mingine.

Mazao hutoka shambani kichwani mwa watu. Yakifika barabarani hupakiwa kwenye gari. Katika njia nyembamba za vijijini, gari hilo mara nyingi ni pikapu. Pikapu ndogo nyingi zimetengenezwa kubeba kiasi cha tani moja, yaani kilo 1,000. Nyingine hubeba pungufu ya hapo.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme gunia moja la lumbesa lina kilo 130. Magunia 10 ni kilo 1,300. Wakipanda watu sita juu ya magunia, na kila mtu ana kilo 60, ongeza kilo 360. Jumla ni kilo 1,660. Gari la tani moja limebeba zaidi ya tani moja na nusu. Gari halitasema, "Sitaki." Litaondoka. Lakini vyuma vyake vinaumia kidogo kidogo.

Sehemu kubwa ya mzigo hukaa juu ya magurudumu ya nyuma. Lakini gari likishuka mlima, na dereva akikanyaga breki, uzito husukumwa mbele. Katika kona, uzito huegemea gurudumu la nje. Kwa hiyo katika kona za Soni, gurudumu moja la mbele hubeba kazi kubwa sana. Na gurudumu hilo limeshikwa na viungo vidogo.

KIUNGO CHENYEWE NI NINI?

Umewahi kuchinja mbuzi. Ukitenga paja na nyonga, unaona mfupa wa paja una kichwa cha mviringo. Kichwa hicho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Ndani mna ute unaoteleza. Kwa sababu hiyo mbuzi anaweza kupeleka mguu mbele, nyuma na pembeni.

Gurudumu la mbele la gari nalo linahitaji kiungo cha namna hiyo. Kwanza, linapanda na kushuka kufuata mashimo. Pili, linageuka kushoto na kulia kufuata usukani. Kiungo kinachofanya kazi hiyo mafundi hukiita boli jointi.

Boli jointi ina chuma cha mviringo kama gololi kubwa. Gololi hiyo ina mguu wenye nati. Inakaa ndani ya kikombe cha chuma chenye grisi. Juu yake kuna kofia ya mpira. Kazi ya kofia ni kuzuia maji, matope na vumbi visiingie.

Pikapu nyingi zina mikono miwili ya chuma kila upande wa mbele: mkono wa juu na mkono wa chini. Mwisho wa kila mkono kuna boli jointi. Kwa hiyo gari lina boli jointi nne. Magari mengine yana mbili tu. Na magari mengine, yenye ekseli moja nzima mbele, hayana boli jointi hizi. Yanatumia vyuma vingine vya kugeuzia gurudumu. Fundi wako atakuambia gari lako ni la aina gani.

Kiungo huanza kufa pale kofia ya mpira inapochanika. Maji na vumbi huingia. Grisi hutoka. Kutu hushika. Chuma husaga chuma. Gololi hupungua na kikombe hupanuka. Mwisho gololi inacheza ndani ya kikombe kama kokwa ndani ya embe lililokauka. Siku moja, katika shimo au kona, gololi huchomoka.

Hapo gurudumu hulala chini ya gari, au hutoka nje kama mguu uliovunjika. Dereva akizungusha usukani, gari halimfuati. Likiwa tambarare, linaburura chuma na kusimama. Likiwa kwenye kona za Soni, linaweza kwenda bondeni.

BARABARA INAKUAMBIA

Ndugu msomaji, dalili ya mvua ni mawingu. Mara nyingi boli jointi hutoa dalili kabla ya kuchomoka. Barabara yenyewe inakuonyesha. Sikiliza na utazame mambo haya:

Katika rasta na mashimo, unasikia mgongo mbele: ko, ko, ko. Sauti inatoka upande wa gurudumu moja.

Katika njia iliyonyooka, gari linatangatanga. Dereva anasahihisha usukani kila wakati, kama mtu anayeongoza ng'ombe mkaidi.

Katika kona kali, usukani ni mzito, au unasikia mlio wa kukwaruza pale gurudumu linapogeuka.

Dereva akikanyaga breki, gari linavuta upande mmoja.

Gari likisimama, tairi la mbele limelika upande mmoja, wa ndani au wa nje, na upande wa pili bado ni mzima.

Dalili hizi zinaweza kuletwa na ugonjwa mwingine pia. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huvuta gari. Breki mbovu huvuta gari. Kwa hiyo usinunue chuma kipya kwa kusikia sauti tu. Pima kwanza.

PIMA KABLA YA KUSHUKA

Upimaji huu ufanyike juu, kijijini, kabla ya kupakia mzigo. Gari liwe mahali tambarare na pagumu. Zima injini. Funga breki ya mkono. Weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Watu wawili wanatakiwa.

Kwanza, tazama kofia za mpira. Futa matope kwa kitambaa. Kofia iliyochanika, au grisi iliyomwagika nje, ni onyo la kwanza.

Pili, inua gurudumu kwa jeki. Hapa pana jambo la kujua. Kiungo kinachobeba uzito wa springi hakionyeshi ubovu wake kikiwa bado kimebanwa na uzito huo. Kama springi inakaa juu ya mkono wa chini, weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu. Kama springi inabeba mkono wa juu, gari liinuliwe kwenye chasisi, na kabari ya mbao iwekwe kuzuia mkono wa juu usishuke. Weka na stendi imara. Usiamini jeki peke yake, na usiingize kichwa wala mwili chini ya gari.

Tatu, shika tairi juu na chini, kama namba 12 na namba 6 katika uso wa saa. Vuta juu, sukuma chini. Kisha fanya kinyume chake. Kama linacheza, mwambie mwenzako akanyage breki ya mguu. Tikisa tena. Kama mchezo umekwisha, ubovu upo kwenye beringi ya gurudumu. Kama mchezo bado upo, ubovu upo kwenye boli jointi.

Nne, ingiza mtaimbo chini ya tairi. Nyanyua polepole huku mwenzako akitazama kiungo kwa tochi. Akiona gololi inapanda na kushuka ndani ya kikombe chake, au akisikia inagonga, kiungo kimechakaa.

Tano, shika tairi kushoto na kulia, kama namba 9 na namba 3. Likicheza hivyo, angalia tairodi, yaani vyuma vinavyopeleka nguvu ya usukani kwenye magurudumu.

Kazi yote hii haizidi nusu saa. Haihitaji fedha. Inahitaji jeki, stendi, mtaimbo, tochi na macho.

KUBADILI KIUNGO

Kiungo kilichochakaa hakiponi kwa grisi. Grisi humsaidia mzima. Haimfufui aliyekufa. Kiungo hicho lazima kibadilishwe. Kazi hii ni ya fundi, kwa sababu springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu. Lakini mwenye gari, dereva na hata mwenye mzigo wajue kazi inavyokwenda. Wakijua, hawatadanganywa.

1. Fundi hulegeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Kisha huinua gari, huliweka juu ya stendi na kutoa gurudumu. Mawe na matofali si stendi. Hupasuka ghafla.

2. Huweka jeki chini ya mkono wa chini ili kushikilia nguvu ya springi. Jeki hiyo haiondolewi mpaka kazi iishe. Mkono ukiachwa huru, springi hufyatuka.

3. Hunyoosha na kuchomoa pini ndogo inayozuia nati isifunguke. Hulegeza nati ya boli jointi, lakini haitoi yote. Nati ikibaki kwenye mguu wa kiungo, kiungo hakitaruka kikiachia.

4. Mguu wa boli jointi umekaa kama kabari ndani ya chuma kinachobeba gurudumu. Hutolewa kwa kifaa cha kuvutia. Fundi asiye na kifaa hicho hupiga nyundo ubavuni mwa chuma kinachoshika mguu, mpaka kabari iachie. Hapigi nyuzi za mguu.

5. Hufungua boli jointi kutoka kwenye mkono. Nyingine zimefungwa kwa bolti. Nyingine zimeshindiliwa kwa nguvu ya mashine. Kwa gari fulani hubadilishwa mkono mzima.

6. Hufuta mahali pa kukaa kiungo mpaka pawe pasafi. Hufunga kipya. Hukaza nati kwa kipimo kilichotajwa na kitabu cha gari hilo.

7. Hutia pini mpya. Kama tundu la pini halijalingana na nati, nati hukazwa kidogo zaidi mpaka ilingane. Hairudishwi nyuma. Pini ya zamani haitumiki tena, maana imekwisha kukunjwa.

8. Kama kiungo kina tundu la kupigia grisi, hupigwa grisi. Gurudumu hurudishwa. Baada ya hapo, magurudumu hupimwa na kunyooshwa kwenye gereji yenye vifaa. Bila hivyo, tairi zitalika haraka.

Kama kiungo cha kulia kimechakaa, mwambie fundi apime na cha kushoto. Vyote viwili vimepita mashimo yale yale. Na ukienda dukani, chukua cha zamani mkononi. Linganisha unene wa mguu, nyuzi na matundu ya bolti. Muuzaji akikuambia, "Hiki kitaingia tu," usikubali mpaka umeona.

MAMBO YA KUKATAA

Wapo watu wanaotafuta njia ya mkato. Wengine huchomelea kikombe cha boli jointi ili gololi isicheze. Moto wa kuchomelea hulainisha au hupasua chuma, na huunguza grisi na mpira. Wengine hushindilia kipande cha tairi kuukuu ndani ya kikombe. Wengine hutia waya au msumari mahali pa pini. Gari linanyamaza kwa siku chache. Mgongo hausikiki. Dereva anafurahi.

Huo si uponyaji. Ni kama kumziba mgonjwa mdomo asilie. Ugonjwa upo pale pale, ila sasa hauna sauti ya kukuonya.

NANI AMSIMAMISHE DEREVA?

Mara nyingi dereva anajua gari linagonga. Mwenye gari naye anajua. Lakini mzigo umejaa na kabichi zinaoza. Dereva anasema, "Tufike Mombo kwanza, huko kuna mafundi." Maneno hayo yanaonekana kuwa na busara. Lakini yafikirie tena. Mafundi wapo Mombo, na kona zote zipo kabla ya Mombo. Mahali pa hatari yako kati yako na mafundi.

Kwa hiyo kipimo kifanyike juu. Kama kiungo kimechakaa, gari lisipakiwe. Fundi apande, au chuma kiletwe. Kabichi za siku moja zikioza, ni hasara, na inauma. Lakini utalima nyingine. Mtu aliyeingia bondeni halimwi tena.

Wewe mwenye mzigo una haki ya kuuliza. Usiogope kwa kuwa hujui kuendesha gari. Sema kwa heshima: "Baba, hicho kinachogonga mbele ni nini? Kimepimwa?" Dereva mwema atakushukuru. Akikukaripia, mzigo ni wako. Tafuta gari lingine.

Na kama kikundi chenu kina pikapu, andikeni kwenye daftari. Andikeni tarehe ya kupima, jina la aliyepima na alichoona. Andikeni pia siku ya kubadili kiungo na bei yake. Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Daftari hilo ni kazi nzuri kwa elimu yako. Dereva akibadilishwa, anayekuja atasoma na kujua hali ya gari.

Milima ya Usambara ni mizuri, na mazao yake yanalisha miji. Acha yashuke, na watu wanaoyapeleka warudi nyumbani jioni wakiwa wazima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

JADILIANENI

1. Taja dalili tatu za boli jointi iliyochakaa.

2. Tairi linacheza juu na chini. Mwenzako akikanyaga breki, mchezo unakwisha. Ubovu uko wapi?

3. Kwa nini kiungo kisichomelewe?

4. Katika kijiji chenu, gari la mazao lilipimwa mara ya mwisho lini? Nani aliandika?